Aliyeacha Ugali Asibaki na Dozi Ileile

Katika kliniki za kisukari za hapa nchini, mojawapo ya maswali ambayo wagonjwa wamekuwa wakiyauliza sana miaka ya karibuni ni hili: "Daktari, nikiacha wanga nitapona?" Aghalabu huulizwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshapokea karatasi yake ya dawa na mkono umeshafika kwenye kitasa cha mlango, kwa sauti ya mtu anayehofia kuchekwa. Wengine hawaulizi kabisa kwa kuwa wameshaanza. Wamesikia redioni, wametazama video kwenye simu, au wameazimwa kitabu na jirani, kwamba mababu zetu hawakuugua kisukari kwa sababu walikula nyama, maziwa, mboga za porini na mizizi, na kwamba ugali, wali na mkate ndiyo chimbuko la maradhi yote. Wameondoa wanga mezani, sukari yao imeanza kushuka, na mhudumu anayewaandikia dawa kila mwezi hana habari.

Kutokuwa na habari huko ndiko kunakonisukuma kuandika. Msimamo wangu ni kwamba kupunguza wanga ni tiba halali ya kisukari cha aina ya pili. Na kwa sababu ni tiba, ina kipimo chake, ina watu inaowafaa na isiowafaa, na inaweza kugongana na dawa nyingine kama tiba yoyote ile. Wanaoihubiri kama muujiza wanasahau upande wa pili wa maneno hayo. Wanaoikejeli, na humo nawatia wengi wa taaluma yangu, wanasahau upande wa kwanza. Anayelipia usahaulifu wa pande zote mbili ni mgonjwa.

Tuanze na kinachojulikana vizuri. Wanga tunaokula, uwe wa muhogo, wa mchele au wa ndizi, humeng'enywa tumboni na kuingia katika damu ukiwa sukari, hasa glukosi. Kwa mtu mwenye afya, kongosho hutoa insulini, nayo huiwezesha misuli na ini kuipokea na kuitunza sukari hiyo. Katika kisukari cha aina ya pili mambo mawili huharibika pamoja: mwili huwa mzito kuitii insulini, hasa pale mafuta yanapojikusanya ndani ya ini na kuzunguka matumbo, na kongosho huzidi kushindwa kutoa insulini ya kutosha. Mtu wa namna hiyo akila sahani ya ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga wa sembe, amekula takriban gramu 150 za wanga kwa mlo mmoja, kwa maana wanga ni kama robo tatu ya uzito wa unga huo. Kwa kawaida mlo huitwa wa wanga kidogo usipozidi gramu 130 za wanga kwa siku nzima. Ule wa kubana sana, unaojulikana mitaani kama keto, hauzidi gramu 50. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini mgonjwa anayepunguza ugali huona namba za kipimo chake zikishuka ndani ya siku chache, hata kabla mkanda wa suruali haujalegea.

Wala jambo hili si geni katika tiba. Mwaka 1863, William Banting, mtengeneza majeneza wa London aliyekuwa amenenepa kupita kiasi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Hadi leo huko Afrika Kusini mlo wa namna hiyo huitwa kwa jina lake. Kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto mwaka 1921, kumnyima mgonjwa wa kisukari wanga ndiyo ilikuwa karibu silaha pekee ya madaktari. Na mwaka huohuo wa 1921 Dk. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa ketoni kwa wagonjwa wa kifafa, tiba ambayo bado hutumika kwa watoto ambao degedege zao hazisikii dawa. Kwa hiyo mhudumu anayemwambia mgonjwa kuwa kupunguza wanga ni uzushi wa mitandaoni anaikana historia ya fani yake mwenyewe.

Hoja inayonitatiza ni ya mababu. Ina mvuto mkubwa, kwa kuwa inamrudishia mtu heshima ya kwao: ugonjwa umeletwa na wengine, dawa ilikuwa jikoni kwa bibi. Lakini ni bibi yupi, na jiko lipi? Mahindi, ambayo leo tunayaita chakula chetu cha asili, yalitoka Amerika, yakafika pwani yetu katika zama za Wareno. Muhogo nao ulitoka huko, pamoja na maharage. Ndizi asili yake ni Asia. Kabla ya hayo waliokaa bara walikula mtama, ulezi na uwele, na zote hizo ni nafaka zilizojaa wanga. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao bado wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuokota, hula nyama, naam, lakini pia hula mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali kwa wingi. Asali ni sukari. Ukimwambia mzee wa Kihadzabe kwamba mababu hawakugusa vitu vitamu, nadhani atakucheka.

Wahubiri wa nyama na mafuta hupenda kuwataja Wamaasai, na hapo pana ukweli nusu. Katika miaka ya 1960, Dk. George Mann na wenzake kutoka Marekani waliwapima wanaume wa Kimaasai katika Tanganyika na kukuta kwamba, pamoja na mlo wao wa maziwa na nyama, lehemu katika damu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa nadra. Taarifa hiyo inasimuliwa mno. Isiyosimuliwa ni ya mwaka 1972, pale watafiti haohao walipochunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Walikuta kuta za mishipa ya moyo zimenenepa kwa mafuta kiasi cha kulingana na Wamarekani wazee. Kilichowanusuru ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa mipana, jambo ambalo watafiti walilihusisha na mwendo wao wa kila siku. Mtu anayekaa dukani kuanzia asubuhi hadi usiku, akapanda bodaboda kurudi nyumbani, hawezi kuazima sahani ya Mmaasai akaiacha miguu yake.

Upande mwingine wa mizani wapo watu wanaokula wanga mwingi na mioyo yao ni mizima. Watsimane wa Bolivia, ambao sehemu kubwa ya nishati yao hutokana na wali, ndizi, muhogo na mahindi, walipigwa picha za mishipa ya moyo, na mwaka 2017 jarida la The Lancet likatangaza kwamba hakuna jamii iliyowahi kuchunguzwa ikaonekana na chokaa kidogo kiasi kile katika mishipa hiyo. Wakazi wa kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea, waliochunguzwa na Dk. Staffan Lindeberg wa Uswidi katika miaka ya 1990, waliishi kwa viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, nazi, matunda na samaki. Kiharusi na shambulio la moyo vilikuwa karibu havijulikani kwao.

Na hapa kwetu? Mwaka 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha katika The Lancet matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania. Kisukari kilipatikana kwa chini ya asilimia 1 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Chakula kikuu cha vijiji vyetu wakati huo kilikuwa, kama kilivyo sasa, nafaka, ndizi na mizizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Umri na njia za kupima hazikuwa sawa, kwa hiyo namba hizi mbili hazifai kuwekwa katika mizani moja kana kwamba ni bidhaa ileile. Hata hivyo kila aliyefanya kazi hospitalini kwa miaka 20 anajua mwelekeo ulivyo. Wanga ulikuwapo kabla. Kilichoongezeka ni uzito wa miili, unga uliokobolewa, sukari katika chai na soda, vyakula vya kukaanga kwa mafuta mengi na saa za kukaa. Kilichopungua ni jembe, ndoo ya kichwani na safari ya mguu.

Ushahidi ulio karibu zaidi na nyumbani ulichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, kutoka Kilimanjaro. Vijana na wanaume wenye afya 77 walishiriki. Wale wa vijijini waliozoea chakula cha jadi walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu: soseji, mkate mweupe, viazi vya kukaanga na vya namna hiyo. Wale wa mjini waliozoea mlo huo walihamishiwa kwenye chakula cha jadi cha Kilimanjaro, chenye ndizi, maharage, nafaka zisizokobolewa na mboga. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia mlo wa kizungu walionyesha dalili za uvimbe wa ndani katika damu, na chembe zao za kinga zilijibu vimelea kwa udhaifu. Waliohamia mlo wa jadi walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko hayo yalibaki wiki nne baada ya jaribio kwisha. Chakula cha jadi kilichofanya kazi hiyo hakikuwa cha wanga kidogo hata kidogo. Ndizi na maharage katika chungu kimoja! Wanaotumia neno "asili" kumaanisha nyama na siagi peke yake wanapaswa kusoma taarifa ile. Nikumbushe tu kwamba washiriki walikuwa watu wazima wa afya. Kinachomfaa mwenye afya ili asiugue si lazima kiwe ndicho kinachomfaa aliyekwisha kuugua, na hapo ndipo mijadala mingi hukorogeka.

Kwa aliyekwisha kuugua, jaribio ninalolipenda ni la zamani na dogo. Mwaka 1984 Profesa Kerin O'Dea wa Australia aliandika habari za Waaborijini kumi wenye kisukari ambao walirudi porini na kuishi kwa kuwinda na kuokota kwa muda wa wiki saba. Kwa wastani walipungua kilo 8, na sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kutoka 11.6 hadi 6.6. Watu wa mlo wa mababu huishia hapo. O'Dea mwenyewe aliendelea: alitaja kupungua uzito, mafuta kidogo katika chakula chao na mwili kufanya kazi zaidi kuwa sababu zilizoshirikiana. Nyama ya porini ni kavu, na anayeifuata hutembea.

Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo DiRECT, lililotangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, lilikwenda mbali zaidi. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambao hawakuwa wamezidi miaka sita tangu wagundulike, walipewa kwa miezi mitatu hadi mitano supu na vinywaji maalumu vyenye takriban kalori 850 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa, ukilinganisha na asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilifika asilimia 86. Sasa sikiliza jambo hili: zaidi ya nusu ya nishati ya vinywaji vile ilitokana na wanga. Kilichotuliza ugonjwa ni kupungua uzito, na mafuta kuondoka katika ini na kongosho. Mlo wa wanga kidogo ni njia mojawapo ya kufika hapo, na kwa wengi ni njia nyepesi kwa kuwa mayai na samaki hushibisha. Uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa miezi sita wanaopunguza wanga huwazidi wengine waziwazi katika kutuliza kisukari; kufikia mwaka mmoja tofauti hiyo hufifia, hasa kwa kuwa ni vigumu kudumu nayo.

Natumia neno "kutulia" kwa makusudi. Wataalamu walikubaliana mwaka 2021 kwamba kisukari kihesabiwe kimetulia iwapo kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kiko chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi mitatu tangu dawa zilipoachwa. Uzito ukirudi, ugonjwa nao hurudi. Aliyetulia bado anatakiwa kupimwa macho, figo na miguu kila mwaka.

Katika DiRECT kuna kipengele ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko supu zote. Siku mgonjwa alipoanza mlo mpya, dawa zake za kumeza za kisukari na za shinikizo la damu zilisitishwa, kwa utaratibu ulioandikwa, chini ya macho ya wauguzi na madaktari. Chakula na dawa vilibadilishwa kwa pamoja. Hapa kwetu chakula kinabadilishwa nyumbani, dawa inabaki ilivyo kliniki, na viwili hivyo vinakutana ndani ya mwili wa mtu mmoja saa nane za usiku.

Glibenklamidi ni dawa ya bei nafuu na imeenea hadi zahanati za mbali. Kazi yake, pamoja na ndugu zake glimepiridi na gliklazidi, ni kulikamua kongosho litoe insulini. Inakamua mgonjwa akiwa amekula wali au akiwa amekula mayai mawili na kipande cha parachichi. Insulini inatoka, sukari ya kuipokea haipo, na kipimo kinashuka chini ya 3.9: mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anasema maneno yasiyoeleweka, na mwisho anapoteza fahamu. Kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu, dawa hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena na tena kwa siku nzima au zaidi hata baada ya kupewa glukosi ya mshipani. Nimewahi kumpokea mzee wa namna hiyo alfajiri, watoto wake wakiamini amepata kiharusi. Wiki tatu kabla alikuwa ameacha wanga kabisa, na kila asubuhi alimeza dozi ileile aliyoandikiwa wakati wa ugali. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyemuuliza. Nyumbani kwake palikuwa na sukari ya chai, ambayo kijiko chake kimoja au viwili katika maji, kabla hajapoteza fahamu, vingetosha kuanza kumwokoa. Lakini sukari ilikuwa imepigwa marufuku.

Anayetumia insulini yuko katika hatari hiyohiyo. Anayetumia metformini peke yake yuko salama zaidi, kwa sababu dawa hiyo haiangushi sukari kwa namna ile. Dapagliflozini na empagliflozini, zinazoanza kuonekana katika maduka yetu ya dawa, zina mtego wa aina yake: zikichanganywa na mlo wa kubana wanga, mwili unaweza kujaa tindikali ya ketoni wakati kipimo cha sukari kinaonyesha namba isiyotisha. Mgonjwa anatapika, anahema haraka, tumbo linauma, naye anaambiwa sukari yake ni nzuri. Kila mhudumu wa dirisha la dawa aifahamu hatari hiyo. Pia, katika wiki za mwanzo za mlo huu mwili hupoteza maji na chumvi, hivyo anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu anaweza kuanguka kwa kizunguzungu anapoinuka kitandani.

Wapo ambao sitawapa ruhusa ya kubana wanga hata wakinibembeleza. Mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini. Anayemwambia mzazi aache sindano kwa sababu mtoto sasa anakula "chakula cha asili" anamwandalia mtoto huyo mauti ya siku chache. Neno hili nalisema bila kulipamba, kwa kuwa ushauri huo unatolewa. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu keto. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze nyama bila kuonana na mtaalamu. Na mgonjwa mwembamba, ambaye hapa kwetu si nadra, asichukuliwe kuwa ni mnene aliyepungua: huenda kisukari chake kimetokana na utapiamlo wa tangu utotoni, aina ambayo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi mwaka 2025 kuwa aina ya tano. Huyo anahitaji chakula, hasa protini.

Wenzangu katika huduma huniambia kwamba hawana muda wala ujuzi wa kurekebisha dawa kwa kufuata sahani ya kila mgonjwa. Nawajibu kwa neno moja: Ramadhani. Kila mwaka, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba, wahudumu hukaa na wagonjwa wao kabla ya mwezi kuandama. Dozi kubwa huhamishiwa wakati wa kufuturu, ya daku hupunguzwa, mgonjwa huelezwa ni kipimo gani kikimlazimu kufungua, na asiyeweza kufunga huambiwa kwa heshima. Hatumkebehi aliyefunga, wala hatumwachi afunge na dozi ya Shaabani. Ujuzi wa kuulinganisha mlo na dawa tunao. Kinachokosekana ni kumwona anayeacha wanga kuwa mtu anayestahili mazungumzo yaleyale.

Mazungumzo hayo ni mafupi. Muuguzi kijana anaweza kuanza hivi: "Shikamoo mzee. Tangu tuonane mara ya mwisho, kuna chakula umeacha au umeongeza?" Akisema ameacha ugali, asikunjiwe uso. Aulizwe anakula nini asubuhi, mchana na usiku, na anameza nini. Kama kuna glibenklamidi au jamii yake, daktari aipunguze, aghalabu kwa nusu, au aisitishe, kama kuna insulini katika kisukari cha aina ya pili, ipunguzwe kwa kufuata vipimo, dapagliflozini na empagliflozini zisitishwe, metformini iendelee. Arudi baada ya wiki moja au mbili, na asisubiri miezi mitatu. Nawe mgonjwa unayesoma, usijipunguzie dawa mwenyewe kwa kusoma makala haya. Nenda kliniki kabla hujabadilisha sahani, useme unachokusudia. Una haki ya kusikilizwa. Ukipata tetemeko na jasho, kunywa maji yenye sukari kwanza, maswali yafuate baadaye.

Kuhusu chakula chenyewe, nashauri kupunguza kabla ya kukata. Mafundisho mengi ya mlo huu yameandikwa kwa watu wenye friji iliyojaa. Mgonjwa wetu anakula chungu kimoja na watu wanane, na mpishi hawezi kupika mara mbili. Basi ugali uwe wa dona, utoshe ngumi moja. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, mlenda au bilinganya. Robo iwe dagaa, samaki, yai, kunde au choroko. Kunde na maharage yana wanga, lakini nyuzinyuzi zake huuchelewesha, na kuyakataza kwa maskini ni kumnyang'anya protini yake ya bei nafuu. Soda aiache kabisa: chupa ya mililita 350 ina zaidi ya vijiko saba vya chai vya sukari. Kwa mtu aliyekuwa akila wanga gramu 400 kwa siku, mabadiliko haya peke yake ni makubwa kuliko anavyodhani, na dawa zake zinapaswa kujua.

Kadi ya kliniki tunayoitumia ina safu ya tarehe, uzito, shinikizo la damu, sukari na dawa. Haina safu ya chakula. Tangu mwaka jana katika chumba chetu tumekuwa tukiandika kwa kalamu, pembeni mwa safu ya sukari, maneno mawili matatu: "ugali nusu", "ameacha wanga", "anafunga Alhamisi". Haijagharimu chochote, na mfamasia akiyaona maneno hayo huuliza kabla ya kutoa dawa.